Jina la Dobi

Jumapili hiyo ya Oktoba 1958, Wilbur Mah alifika kwa dobi Fong na machungwa manane ndani ya mfuko wa karatasi. Mama Verna aliyahesabu kwa jicho la pembeni, akaridhika. Manane ni idadi njema. Kijana aliyezaliwa Marekani, mwenye kazi ya kuchora ramani za barabara za jimbo, na bado anajua kwamba mtu haendi kwa baba wa msichana na machungwa saba, huyo amelelewa na watu.

Duka la dobi Fong lilikuwa Mtaa wa Nane, Oakland, na familia iliishi nyuma ya rafu za mafurushi. Meza ya kulia ndiyo ile ile ya kukunjia mashati, ila Jumapili ilitandikwa kitambaa. Fong alikuwa na miaka hamsini, bega la kulia limeshuka kwa pasi ya miaka thelathini, na kidevuni ana kovu dogo la utotoni. Siku hiyo alivaa tai. Verna, mtoto wake wa pekee, mwenye miaka ishirini na mitatu, hakumbuki kumwona baba yake na tai isipokuwa mazikoni.

"Kula, kula," Fong alimwambia mgeni. "Samaki huyu hakununuliwa ili atazamwe."

"Nakula, mzee."

"Hilo shati nani kakupigia pasi?"

"Mwenyewe, mzee."

"Inaonekana."

Wote wakacheka, Wilbur naye akacheka, akavuta kola yake iliyojikunja. Mama Verna akamwongezea wali. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri kiasi kwamba Verna alianza kupumua kama kawaida. Ndipo Fong akauliza swali ambalo kila mzee wa Kichina katika mji ule angeuliza, tena kwa wema kabisa.

"Na baba yako kwao hasa ni wapi?"

"Toisan, mzee. Kijiji kinaitwa Lung Tin. Mimi sijafika, lakini baba hukitaja kila mwaka mpya."

Fong aliweka vijiti vyake mezani. Akainuka, akasema anakwenda kutazama boila ya maji moto. Boila ilikuwa imezimwa tangu Jumamosi. Alikaa huko mbele mpaka chai ikapoa, na aliporudi hakuwa na neno zaidi ya "ndiyo" na "hapana".

Wakati wa kuagana, alimkabidhi Wilbur mfuko wa machungwa. Sasa, adabu ya kwetu ni kumrudishia mgeni sehemu ya alicholeta, mawili hivi, ili asitoke mikono mitupu. Wilbur alitoa shukrani, kisha akaona mfuko ni mzito. Akachungulia. Yalikuwa yote manane. Alisimama pale mlangoni masikio yamewaka, kijana wa watu, hajui atie mfuko kwapani au auweke chini.

"Mpelekee baba yako," Fong alisema, akafunga mlango.

"Baba!" Verna alisema. "Kafanya nini?"

"Hajafanya kitu. Tafuta mwingine."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema."

*

Jumatatu, Verna alipokwisha kwenda kazini, Mama Verna alinyunyiza maji kwenye mashati na mumewe akapiga pasi. Hawakusemezana kwa mashati kumi na mawili. Lile la kumi na tatu, mke akashindwa kuvumilia.

"Baba Verna, umeniunguzia kola ya daktari."

Fong aliinua pasi. Kweli, kola ilikuwa na alama ya manjano. Hajaunguza kola tangu vita viishe.

"Lung Tin," alisema. "Umesikia? Lung Tin kabisa. Si Mah wa mahali pengine, ambao ningesema labda. Mah wa kwetu."

"Nilisikia."

Katika nyumba ile ni wawili tu waliojua kwamba dobi Fong hakuwa Fong. Jina alilopewa na baba yake lilikuwa Mah Sik Hoy, na kijiji chake kilikuwa Lung Tin.

Wasomaji wasituhukumu haraka. Kwa miaka sitini na zaidi sheria ya Marekani iliwafungia vibarua wa Kichina mlango, ikaacha ufa mdogo tu: mtoto wa raia aliruhusiwa kuingia. Tetemeko la San Francisco na moto wake viliteketeza vyeti vya uzazi vya mji, na watu wengi wakajitokeza wakasema wao walizaliwa hapo. Mtu wa namna hiyo akienda China kumwona mkewe, hurudi akaandikisha kwamba amepata mtoto wa kiume. Wengine walimpata kweli. Wengine walipata nafasi, nayo nafasi iliuzwa, dola mia kwa kila mwaka wa umri wa mtoto anayesemwa. Aliyeinunua aliitwa mtoto wa karatasi. Alipewa daftari lenye majina ya ndugu asiowajua na ramani ya kijiji asichokijua, akalikariri melini, akalitupa baharini kabla ya kutia nanga. Kwenye kisiwa cha ukaguzi, karibu na San Francisco, maofisa walimhoji: nyumba ngapi? Kisima kiko wapi? Nani anakaa nyumba ya tatu? Hoy alihojiwa siku mbili mwaka 1923, akiwa na miaka kumi na mitano. Alishuka pale akiwa Fong Yuen, akamwamkia kwa heshima baba ambaye alikuwa anamwona kwa mara ya kwanza.

Jina hilo amelibeba mpaka leo. Limeandikwa kwenye kibao cha duka kwa mkono wake mwenyewe, vibaya. Mkewe humtania kwamba herufi ya Fong anaiandika kama mtu anayejaza fomu ya watu wengine.

"Watu wa jina moja la ukoo hawaoani," Fong alisema. "Hata wakiwa wamezaliwa pande mbili za dunia. Na hawa ni kijiji kimoja. Huyo ni ndugu yake."

"Hata kama nimezaliwa Sacramento, usinieleze kama mtoto. Najua. Basi mwambie Verna."

"Nimwambie halafu?"

"Halafu atajua kwa nini. Sasa hivi anaona una roho mbaya tu."

Fong akachukua shati jingine. Verna alikuwa mpiga chapa katika ghala la serikali bandarini, na kila Januari alijaza fomu ya kiapo: jina la baba, mahali pa kuzaliwa, uraia wake.

"Leo akiandika Fong, anaandika anachokijua," alisema. "Nikimwambia, Januari anakuwa mwongo chini ya kiapo. Uongo huu niliula peke yangu, Mama Verna. Simgawii mwanangu."

"Nenda basi ukaungame. Si wanasema watu waje?"

Ni kweli, mwaka wa pili sasa ofisi ya uhamiaji ilikuwa inawaita watu wa karatasi wajitaje wenyewe. Mzee mmoja wa Mtaa wa Saba alikwenda, akasema jina lake la kweli, akatoka amefarijika. Baada yake wakaitwa watu kumi na mmoja, maana karatasi moja ina baba, ina kaka, ina watoto wa kaka. Wawili kati yao walikuwa hawajaweza kulala vizuri tangu hapo, na mzee mwenyewe hakuna aliyemwamkia tena sokoni.

"Fong mkubwa aliyeniuzia jina alishakufa, lakini wanawe wapo Stockton," Fong alisema. "Walinipokea. Niwapeleke mimi ofisini?"

Mama Verna aliweka chini chupa ya kunyunyizia. Alikuwa mwanamke wa kutafuta njia, na alichukia mahali pasipo na njia.

"Tuwaache waoane, tunyamaze. Nani atajua?"

"Mimi nitajua," mumewe akasema. "Kila nikimbeba mjukuu, nitajua."

*

Jumatano jioni alikuja Bi Ho, mshona nguo wa jirani, ambaye alikuwa mshenga wa kila ndoa kuanzia Mtaa wa Sita hadi wa Kumi, aombwe asiombwe. Hakukaa.

"Mah Gok, baba wa kijana, anakuja mwenyewe kesho saa nane," alisema. "Kutoka Watsonville, kwa basi, kafunga bucha siku ya kazi. Analeta keki za posa. Fong, nakuambia kama dada yako, umemrudishia kijana machungwa, hiyo tumeimeza. Ukimrudishia baba keki, mimi mtaa huu sitatembeza uso."

"Keki zenyewe ngapi?" Mama Verna akauliza, kwa mazoea tu.

"Masanduku kumi, mwanamke! Kumi!"

Alipoondoka, Verna alikuwa amesimama kwenye pazia, koti bado mwilini.

"Baba, niambie ukweli. Ni kwa sababu baba yake ni muuza nyama?"

"Sijali kazi ya mtu."

"Maana wewe unafua soksi za watu. Unafua chupi za watu. Sioni unamzidi nini mtu wa bucha."

"Verna," mama yake akasema.

"Hapana, Mama, aseme! Wilbur kaniuliza, kwa adabu, kama labda ana harufu. Ana harufu! Mtu mzima ameoga mara mbili, ananiuliza hivyo." Machozi yakamtoka, akayafuta kwa hasira. "Kesho ukimrudisha mzee wake mlangoni, Ijumaa mimi na Wilbur tunakwenda Reno. Jaji atatuandika dakika kumi. Na mwaka mpya msinitandikie bakuli."

Fong alikuwa anapanga tiketi za nguo kwenye msumari. Alizipanga, akazipangua, akazipanga tena. Alitamani kumwita mwanae akae, amwambie yote tangu kisiwani. Akakumbuka fomu ya Januari.

"Kula kwanza," alisema. "Chakula kinapoa."

Verna akaingia chumbani akafunga mlango.

*

Mah Gok alikuwa mtu mnene, mwenye suti ya kahawia na kofia mpya. Alifika na masanduku kumi ya keki yamefungwa kwa uzi mwekundu, matano kila mkono, akakuta bibi mmoja wa Kizungu anamgombeza Fong kuhusu kifungo.

"Nilikupa blauzi yenye vifungo sita. Vihesabu."

"Nashona sasa hivi, bibi."

"Nasubiri hapa hapa."

Ikambidi Fong akae, atafute sindano, ashone kifungo, na mgeni wake wa heshima amesimama na keki zake kama kijana wa kuleta bidhaa. Bibi alikagua kifungo, akakivuta, akaondoka bila kuaga. Wanaume wawili hawakutazamana. Jambo kama hilo kila mmoja analo kwenye duka lake.

"Nimesikia kijana wangu karudishiwa machungwa manane," Mah Gok alisema.

"Kaa, bwana Mah. Kuna chai."

"Sikuja kwa chai. Nataka kasoro. Mlevi? Mcheza kamari? Niambie mimi, nimchape mwenyewe."

"Kijana hana kasoro."

"Basi ninayo mimi."

"Hata wewe huna."

"Basi sote watu wema na machungwa yamerudi!" Mah Gok akaketi kwa kishindo, masanduku yakiwa magotini. "Bwana Fong, huyo ni mtoto wangu wa kiume pekee. Usingizi hapati. Mama yake anampikia supu, inarudi. Nimekuja kujishusha mbele yako, unaona nimejishusha. Nipe sababu."

Fong alimimina chai. Alimtazama yule mtu akitafuta sura: pua ya nani, masikio ya nani wa Lung Tin. Jina halikumsaidia, maana mwanamume wa kwetu ana jina la utotoni, la shuleni na la ndoa, na hili la Gok hakuwahi kulisikia. Kwa miaka thelathini na mitano hakuwahi kukaa na mtu wa kijijini kwake. Akisikia yupo mmoja mji fulani, alikuwa anauepuka mji huo. Sasa huyu hapa, magoti yao karibu yagusane. Alijua haifai kuuliza. Aliuliza kwa hamu tu, kama mtu mwenye njaa anayenusa jiko la jirani.

"Hebu niambie, Lung Tin ni mahali gani? Pazuri?"

Mah Gok akakaa wima.

"Lung Tin ina nyumba themanini na mbili, safu tisa. Kijiji kinatazama kusini. Ukumbi wa mababu uko mwanzo wa safu ya tatu. Kisima kiko mashariki, hatua thelathini kutoka mlango wa nyumba ya kwanza."

Fong akasubiri. Alisubiri atajiwe kiziwi aliyeuza tofu ya soya kwa kugonga kibao. Alisubiri harufu ya tope bwawa likikaushwa mwisho wa mwaka, na watoto wakikimbizana na samaki. Hakuna kilichokuja. Mah Gok alikuwa amemaliza, akanywa chai.

"Maji mlichota hapo mashariki?" Fong akauliza taratibu.

"Hapo hapo."

"Yalikuwa mazuri?"

"Matamu. Siku hizi hupati maji kama yale."

Kisima cha mashariki kilifukiwa mwaka 1907, baada ya bibi harusi mmoja kujitupa ndani. Bibi yake Fong hakuwaruhusu wajukuu hata kukanyaga pale. Maji ya Lung Tin yalichotwa kwenye kijito, magharibi, na kila mtoto wa Lung Tin mwenye mabega alijua hivyo kwa mabega yake. Tena ile namna ya kusema, safu, hatua, kusini! Fong aliijua vizuri mno. Ndivyo yeye mwenyewe anavyokisema kijiji cha akina Fong, ambacho hajawahi kukiona.

Alisimama, akageuza kibao cha mlangoni, akasukuma komeo.

"Unafunga nini?" Mah Gok akauliza.

"Bwana Mah, kile kisima kilifukiwa. Mimi na wewe hatujazaliwa, au wewe ulikuwa unatambaa. Hakuna mtu wa rika letu aliyekunywa maji yake."

Rangi ilimtoka Mah Gok usoni, ikaacha uso kama mafuta ya nguruwe yaliyoganda. Masanduku mawili yalidondoka.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Umetoka ofisini kwao. Ndiyo maana machungwa. Mnamchimba kijana wangu!" Alikuwa ameshasimama, kofia kichwani upande. "Mimi ni Mah Gok, mwana wa Mah Lun, nina cheti, nina kodi nimelipa—"

"Kaa chini."

"Sikai! Fungua mlango!"

Fong aliona kwamba yule mtu angeondoka, na kwamba angekwenda zake na hofu yake Watsonville, na Ijumaa watoto wangekwenda Reno, na hakuna ambaye angejua kwamba hapakuwa na kosa lolote. Neno lilikuwa moja tu la kumzuia, na hilo alikuwa hajalitamka mbele ya mtu yeyote isipokuwa mkewe. Akachukua tiketi ya duka.

Tiketi ya dobi ina vipande viwili vyenye namba moja. Kimoja hukaa kwenye furushi, kingine huenda na mteja, na vipande vikilingana nguo hutoka. Fong alichukua brashi, akaandika juu ya kipande cha mteja, akaichana tiketi katikati, akampa Mah Gok kipande hicho.

"Mimi ni Mah," alisema. "Fong ni karatasi. Hilo ni jina langu kwa mkono wangu. Ukilipeleka ofisini, mimi nimekwisha. Sasa kaa."

Mah Gok alisoma. Midomo yake ilicheza kama ya mwanafunzi.

"Mah Sik Hoy."

"Wa nyumba ya pili, safu ya sita."

"Nyumba ya pili, safu ya sita," Mah Gok alisema, na sauti ikawa ile ile ya kukariri, ila sasa ilikuwa inakatika. "Mah Kei na mkewe. Mtoto mmoja wa kiume, Hoy. Kovu kidevuni." Akainua macho, akatazama kidevu cha Fong. Akakaa, si kwenye kiti, bali juu ya furushi la mashuka. "Nilikukariri. Melini, siku ishirini na moja. Waliniuliza kisiwani, nani anakaa nyumba ya pili safu ya sita? Nikakutaja wewe."

"Daftari aliandika nani?"

"Mah Lun. Baba wa karatasi."

"Ami yangu," Fong alisema.

Mambo yakajipanga yenyewe. Ami Lun alirudi Marekani mwaka 1905, hakufika tena nyumbani. Kisima alikiandika kwa kumbukumbu. Watu aliwaandika kwa barua alizotumiwa. Na barua iliyotaja kovu, Fong aliijua. Baba yake alimwandikia Lun amwombee mwanae nafasi, akaeleza umri wake na alama yake ili ami amtambue bandarini. Jibu lilikuja baada ya miezi mitatu: samahani, kaka, nafasi hakuna.

"Ulinunua kwa kiasi gani?" aliuliza.

"Elfu moja na mia sita. Wazee wangu waliuza shamba."

"Sisi tungempa mia tano. Tusingekuwa na zaidi. Deni la akina Fong nimelilipa kwa pasi." Fong alicheka kidogo, bila furaha. "Nafasi ile ilikuwa yangu. Ningekuja na jina langu. Ami yangu mwenyewe kaliuza kwa mgeni, na kovu langu akatia humo humo."

"Sikujua."

"Ungejua ungefanya nini?"

Mah Gok alifikiri, akavua kofia.

"Ningenunua," alisema.

Fong alitaka kumchukia, na kwa dakika moja hivi alimchukia kweli. Kisha akaona suti ya kahawia imejaa nyuzi za mashuka, na keki zimemwagika sakafuni, na akakumbuka kwamba naye ameketi kwenye kiti cha mtoto fulani wa Fong ambaye hakuwahi kuzaliwa. Safari hii alicheka kweli, mpaka Mama Verna aliyekuwa ameganda nyuma ya pazia akachungulia kuona kama kuna mtu ameumia.

"Basi wewe ni nani, maji matamu?" Fong aliuliza.

Mah Gok aliomba brashi. Aliandika kwenye kipande kilichobaki cha tiketi, polepole, akakisukuma juu ya meza.

"Yee Foo Chun," Fong alisoma. "Yee."

"Yee na Mah wanaoana," Mah Gok akasema.

"Tangu zamani."

Kila mmoja akatia mfukoni kipande chenye jina la mwenzake. Walikubaliana watoto wasijue, kwa sababu ya fomu, na kwa sababu ya watu wa Stockton. Mama Verna akaokota keki, akapangusa masanduku. Mgeni alipoondoka, Fong alimrudishia masanduku mawili.

*

"Jumapili hapana, Alhamisi ndiyo," Verna alisema usiku ule wa habari njema, akilia na kucheka. "Mtu anaweza kuniambia kimetokea nini katikati?"

"Tulizungumza," baba yake alisema.

"Mlizungumza nini?"

"Maji."

"Baba yako amezeeka," Mama Verna akaingilia. "Wazee hubadilika. Shukuru, funga mdomo."

Lakini baadaye, akiwa anakunja mashuka na mumewe, kila mmoja ameshika pembe zake, Mama Verna alisimama ghafla.

"Baba Verna. Kwa karatasi kijana ni Mah."

"Ndiyo."

"Na hapa mke huchukua jina la mume. Wajukuu zako watakuwa Mah. Kwenye cheti cha serikali, halali kabisa."

Fong hakuwa amelifikiria hilo. Shuka likamponyoka, likaanguka sakafuni, ikabidi lifuliwe upya.

Harusi ilikuwa Januari. Ukumbini kungekuwa na kitambaa chekundu cha wageni kutia majina, na bibi harusi angeanza kwa kuandika jina lake jipya kwa Kichina, mbele ya meza ishirini. Verna aliacha shule ya Kichina akiwa na miaka minane ili asaidie kukunja soksi. Asubuhi ya siku yenyewe, nywele zimeshatengenezwa, alikaa kwenye meza ya mashati na karatasi ya kufungia nguo, akijaribu kuliandika.

"Nitaaibika, Baba. Linafanana na ngazi iliyovunjika."

"Sogea."

Alisimama nyuma yake, akashika mkono wake ulioshika brashi. Mstari wa kwanza, wa pili, ile kona ya kushuka. Herufi ya Mah ni farasi. Mwisho kabisa huja miguu yake minne, nukta nne, na wengi huziharibu kwa haraka. Yeye hakuwa na haraka. Nukta nne zilikaa sawasawa, kila moja mahali pake, na farasi akasimama.

Verna alilitazama jina. Akatazama kupitia dirishani, kwenye kibao cha duka.

"Baba," alisema, "mbona letu huliandiki vizuri hivi?"

Fong alichovya brashi kwenye wino, akaikamua ukingoni, akamrudishia mkononi.

"Andika tena," alisema.